Matthew Lukwiya, munganga aliyebaki na wagonjwa wake

Mwezi wa nane 2019, Ebola ilifika Mwenga, hapa kwetu Kivu ya Kusini, ikitokea upande wa Beni. Wakaaji wengi wa Bukavu wanakumbuka zile siku: maji ya klori kwenye milango ya makanisa na masoko, watu kuacha kusalimiana kwa mkono, na woga wa kupeleka mgonjwa hospitali. Kwa wauguzi woga ulikuwa mara mbili, juu wao ndio wanaomshika mgonjwa wa kwanza, mbele hata ya kujua anaumwa nini.

Miaka 19 mbele ya hapo, woga huo huo uliingia katika hospitali moja ya Uganda ya kaskazini. Hospitali inaitwa Saint Mary's Lacor, iko karibu na mji wa Gulu. Aliyekuwa kiongozi wake ni munganga Matthew Lukwiya, ambaye watu wa kule wanamwita Docta Matthew. Alikufa na Ebola tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2000, akiwa na miaka 43. Wengi wanamjua kwa kifo chake tu. Lakini kazi yake ilikuwa imeanza zamani, katikati ya vita, na bila kuijua hiyo kazi ni vigumu kuelewa kwa nini wauguzi wa Lacor walikubali kubaki naye.

Mtoto wa mjane wa Kitgum

Matthew Lukwiya alizaliwa tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1957, upande wa Kitgum, inchi ya Waacholi, karibu na mpaka wa Sudani. Baba yake alikuwa muuza samaki. Alikufa maji wakati Matthew alikuwa na miaka 12. Mama alibaki na watoto wa kulisha, akafanya vile mama wengi wa mipaka yetu wanafanya: alichukua majani ya chai, akayavusha Sudani kwa njia za panya, akarudi na sabuni za kuuza. Alijaribu hata kumfundisha Matthew ile biashara, yaani kupita mpaka kwa baiskeli na mzigo nyuma.

Lakini kijana alikuwa na akili ya masomo kupita kawaida. Alifaulu, akalipiwa shule, akafaulu tena, akalipiwa tena, mpaka akafika chuo kikuu cha Makerere, Kampala, akasomea unganga. Kwa mtoto wa mjane wa Kitgum, hilo peke yake lilikuwa ushindi. Angeweza kutafuta kazi nzuri katika mji mkuu na kusaidia familia kutoka kule.

Mwaka wa 1983 akaenda Lacor kufanya staji.

Wazungu wawili waliotafuta mrithi

Hospitali ya Lacor ilianzishwa na wamisionari Wakatoliki wa Comboni mwaka wa 1959. Mwaka wa 1961 walifika pale wanganga wawili vijana: Piero Corti, Mwitaliano, na Lucille Teasdale, Mkanada, mpasuaji. Wakaoana, wakabaki. Walipita na hospitali yao utawala wa Idi Amin, kisha vita iliyomwangusha, kisha vita nyingine zilizofuata.

Piero na Lucille walijua kwamba hospitali ya wageni inaweza kufa siku wageni wanaondoka au wanazikwa. Walitaka Mganda wa kuichukua mikononi. Matthew alipokuwa na miezi mitatu tu pale, walikuwa wameisha kukubaliana kati yao kwamba ni yeye. Alikuwa anafanya kazi haraka bila kuparamia, anasikiliza, na wagonjwa walikuwa wanamwamini. Yeye alikuwa Mprotestanti katika hospitali ya Wakatoliki, na hilo halikuzuia kitu.

Lucille mwenyewe alilipa bei ya kazi ile. Akipasua majeruhi wa vita, alijikata, akaambukizwa virusi vya ukimwi. Aliendelea kufanya kazi miaka mingi akiwa na ugonjwa, mpaka alipofariki tarehe 1 mwezi wa nane 1996. Alizikwa ndani ya uwanja wa hospitali. Docta Matthew alijifunza unganga karibu na mtu aliyejua kwamba kisu cha upasuaji kinaweza kumrudia.

Juma moja porini

Tangu katikati ya miaka ya 1980, Uganda ya kaskazini iliingia katika vita ya waasi, na baadaye katika ile ya Joseph Kony. Watu wa Kivu ya Kusini hawahitaji kuelezwa sana namna vita inavyofika hospitalini. Lemera, mwezi wa kumi 1996, wagonjwa na wauguzi waliuawa ndani ya hospitali yao. Lacor nayo ilivamiwa mara nyingi. Waasi walikuja kutafuta dawa, chakula, na watu wa kuteka.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 walikuja kuchukua masista Waitaliano. Docta Matthew alisimama mbele yao, akawaomba wawaache masista na wamchukue yeye. Walimchukua. Alitembezwa porini juma nzima, akiwa bado amevaa lile koti lake la munganga. Kisha wakamwachilia, akarudi kazini.

Baada ya hapo alifungua milango ya uwanja wa hospitali, ambao ulikuwa na ukuta kuuzunguka, ili wakaaji wa vijiji waje kulala ndani. Walikuja kwa maelfu. Jioni ilipofika, wamama na watoto walikuwa wanaingia na mikeka, wanalala kwenye veranda, kwenye njia, kwenye nyasi. Asubuhi wanarudi mashambani. Mwishoni hospitali ilikuwa inalinda watu wengi zaidi kuliko wale iliokuwa inatibu. Na kwenye vitanda walilazwa askari wa serikali, waasi, na raia, bila kuuliza mgonjwa ni wa upande gani.

Aliyekataa kubaki Uingereza

Mwaka wa 1990 Docta Matthew alikuwa Uingereza, katika shule ya magonjwa ya inchi za joto ya Liverpool, akisomea afya ya watoto. Alimaliza vizuri sana hata wakamwomba abaki awe mwalimu. Alikataa, akarudi Gulu, kwenye risasi na kwenye wale watu waliolala verandani.

Miaka iliyofuata ndiyo ile ambayo watu wengi wanasahau kumhesabia, kwa sababu haina kisa kikubwa. Ni miaka ya kuongoza: kutafuta dawa, kufundisha wauguzi na wanganga vijana, kujenga, kuhesabu fedha, kugombana na ukosefu wa umeme na maji. Kati ya 1990 na 1998 hospitali iliongeza uwezo wake mara tatu. Ilifika kulaza wagonjwa 18 000 kwa mwaka, na ikajulikana kuwa moja ya hospitali bora za Afrika ya Mashariki, ikiwa katika eneo la vita.

Mwisho wa 1998 alihamia Kampala na bibi yake Margaret na watoto wao watano, akarudi Makerere kusomea afya ya jamii. Lacor aliiacha mikononi mwa munganga mwenzake, Cyprian Opira. Kwa mara ya kwanza familia ilikuwa inalala bila kusikia bunduki.

Mafaili 17

Tarehe 7 mwezi wa kumi 2000, siku ya posho, Docta Opira alimpigia simu. Kulikuwa na ugonjwa ambao hawakuuelewa. Wanafunzi wawili wa uuguzi walikuwa wamekwisha kufa, na wa tatu alikuwa mahututi. Docta Matthew aliacha masomo, akafika Lacor jioni ile ile. Yule mwanafunzi wa tatu alikufa mbele ya macho yake.

Hakulala. Pamoja na sista Maria Di Santo, aliyesimamia wauguzi, walitoa mafaili ya vifo vyote visivyo vya kawaida. Walipata 17 vyenye dalili zinazofanana: homa kali, kutapika, kuhara, na wengine kutokwa damu. Katika Gulu homa si habari, malaria iko kila nyumba. Kilichotisha ni kwamba wauguzi pia walikuwa wanakufa. Siku hizo hizo wakubwa wa vijiji walikuja kueleza kwamba kwao kuna familia zinazoisha, mtu baada ya mwingine.

Alisoma maandiko ya OMS na ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, juu ya homa zinazotoa damu, akayalinganisha na yale mafaili. Jibu alilofikia lilikuwa jina ambalo Kongo ililijua zamani. Ebola ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976, kule Yambuku, inchi ikiitwa Zaïre, na Sudani ya kusini mwaka huo huo. Mwaka 1995 iliua zaidi ya watu 240 Kikwit. Uganda ilikuwa haijawahi kuiona.

Kawaida, habari ya namna ile ingepanda ngazi moja moja, kutoka hospitali mpaka wilaya, kutoka wilaya mpaka wizara. Docta Matthew aliruka ngazi zote. Alimpigia moja kwa moja Docta Sam Okware, kamishna wa afya ya jamii Kampala. Damu ya wagonjwa ikapelekwa Afrika ya Kusini kupimwa. Siku chache baadaye jibu lilirudi: Ebola, ya aina ya Sudani.

Yeye hakungoja hilo jibu. Alikuwa amekwisha kutenga jengo moja kwa ajili ya wale wagonjwa peke yao, akifuata kitabu ambacho OMS na CDC walikitoa baada ya mambo ya Kikwit. Kitabu kile kiliandikwa kwa hospitali za Afrika zisizo na vifaa vingi: namna ya kutenga chumba, kuchanganya klori, kuvaa na kuvua nguo za kinga, kuzika bila kumgusa maiti. Mateso ya watu wa Kikwit yalisaidia kuwalinda watu wa Gulu. Wataalamu wa OMS walipofika walikuta kazi imeanza vizuri.

Siku ambayo wauguzi walisema basi

Kazi ndani ya lile jengo ilikuwa ya kujitolea. Docta Matthew hakumlazimisha mtu, na yeye mwenyewe aliingia kila siku. Anayeingia alivaa glavu, koti, kofia, buti, na ile kashne ya kufunika pua na mdomo. Joto lilikuwa kali ndani ya zile nguo. Wagonjwa walitapika, walihara, wengine walichanganyikiwa, wakatoka kitandani wakitaka kukimbia. Chanjo haikuwapo, na dawa haikuwapo. Kilichofanyika ni kuwapa maji, kushusha homa, kuwasafisha, kuwa karibu nao. Na hilo lilisaidia, kwani karibu nusu ya wagonjwa walipona.

Lakini wauguzi waliendelea kufa. Wengine waliambukizwa licha ya kufuata masharti, kwani mtu aliyechoka anapangusa jasho kwa mkono bila kufikiri. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja kulikucha vibaya. Katika masaa 24 watu saba walikuwa wamekufa, na watatu kati yao walikuwa wafanyakazi wa Lacor.

Asubuhi hiyo wauguzi hawakwenda kazini. Watu kama 400 walikusanyika katika chumba kikubwa cha shule ya uuguzi. Walikuwa wanalia, walikuwa na hasira, na walichotaka ni kimoja: hospitali ifungwe. Haikuwa uvivu wala utovu wa nidhamu. Ni watu waliokuwa wamezika wenzao juma baada ya juma, na nyumbani watoto wao walikuwa wanaogopwa na majirani.

Docta Matthew aliingia, akazungumza nao. Hakuwatisha kwa kufukuzwa kazi. Aliwaeleza kwamba anayetaka kuondoka ana haki ya kuondoka, lakini yeye atabaki hata akiwa peke yake, na kwamba hospitali ikifungwa, ataiacha Gulu asirudi tena. Aliwakumbusha ile Ijumaa Kuu ya 1989, alipojitoa kwa waasi. Mazungumzo yalichukua masaa mengi. Watu walimjibu, walimpinga, walieleza woga wao mbele ya wote. Mwishoni waliimba pamoja, na wakarudi kwenye wagonjwa.

Maneno hayo yangesemwa na mkubwa anayekaa ofisini, pengine chumba kingemzomea. Lakini wale wauguzi walikuwa wanamwona kila siku ndani ya jengo la Ebola, amevaa kama wao. Wengi wao walikuwa pale pia katika miaka ya vita. Walijua kwamba mtu huyu anapotamka neno kubaki, anabaki.

Asubuhi moja bila miwani

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ile siku ya mkutano ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuambukizwa.

Siku chache nyuma, tarehe 20, alfajiri, aliitwa haraka. Muuguzi mmoja wa lile jengo, ambaye sasa alikuwa mgonjwa, alikuwa ametoka kitandani amechanganyikiwa, akikohoa damu. Docta Matthew alikimbilia kumsaidia. Alivaa kashne, kofia, koti na glavu. Lakini hakuvaa miwani wala kioo cha kufunika uso. Wenzake waliamini baadaye kwamba ni pale virusi vilipata njia. Mtu aliyewafundisha wengine kila sharti aliacha moja, mara moja, akiwa ameamshwa usingizini na mgonjwa wake anakufa.

Jumapili tarehe 26 jioni alianza kusikia mafua. Kesho yake homa ikapanda. Kwanza alifikiri ni malaria, akatibiwa malaria. Kisha damu yake ilipimwa pale pale Lacor, ambako CDC walikuwa wamefungua maabara yao, na jibu likawa Ebola. Alilazwa ndani ya jengo alilolianzisha mwenyewe. Bibi yake Margaret alifika kutoka Kampala. Walimruhusu kuingia akiwa amevikwa nguo za kinga kutoka kichwa mpaka miguu, na alichoweza kugusa ni mguu wa mume wake.

Wanganga wenzake walijaribu kila kitu, mpaka mashine ya kumsaidia kupumua. Mapafu yalianza kutoka damu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili, baada ya saa saba, alifariki.

Alizikwa siku ile ile, kwa masharti yale yale aliyoyaweka kwa wagonjwa wote: watu wachache waliovaa kinga, dawa ya klori juu ya jeneza, familia na watu wengine wakisimama mbali. Waziri wa afya, Crispus Kiyonga, alikuja kutoka Kampala. Kaburi lilichimbwa ndani ya uwanja wa hospitali, kando ya kaburi la Lucille Teasdale.

Hesabu ya mwisho

Ugonjwa ulitangazwa kuisha Uganda mwezi wa pili 2001. Watu 425 walikuwa wameugua, 224 walikufa. Lacor peke yake ilipoteza wafanyakazi 13, Docta Matthew akiwa mmoja wao. Ebola ilifika pia Masindi na Mbarara, lakini haikuenea inchi nzima, wala haikushika Kampala. Gulu ilikuwa na wakimbizi wa ndani kwa mamia ya maelfu, wamebanana kambini. Kama ile simu kwa Docta Okware ingechelewa juma mbili tatu, hesabu ingekuwa nyingine.

Tangu hapo Uganda ilijijengea uwezo wa kupima virusi vya namna hiyo Entebbe, bila kungoja jibu la Afrika ya Kusini. Mwaka 2022 Ebola ya aina ya Sudani ilirudi Mubende, na ilizimwa katika miezi karibu minne. Lakini hata mwaka huo, chanjo iliyotumiwa Beni, Butembo na Mwenga haikuweza kusaidia, juu inakinga aina ya Zaïre tu. Wauguzi na wanganga walikufa tena.

Kwa Kivu ya Kusini, maisha ya Docta Matthew yanagusa jambo linalojulikana katika kila kituo cha afya. Mwaka 2019 ilikuwa Ebola. Kuanzia 2023 ikawa mpox, iliyoanza kuenea kutoka Kamituga. Kipindupindu nacho hakituachi. Kila mara muuguzi anaombwa kubaki, na kila mara anauliza yale yale: glavu ziko wapi, prime italipwa lini, na mkubwa wangu ataingia pamoja nami ama atatuma barua tu? Kuuliza hivyo si kukosa moyo. Wauguzi wa Lacor waliuliza kwa sauti, wakasikilizwa masaa mengi, kisha wakarudi kazini.

Na kuna upande mwingine wa kisa hiki, ambao sifa za ushujaa zinaweza kuufunika. Docta Matthew alikuwa na ujasiri wote ambao mtu anaweza kuwa nao, na ujasiri huo haukumkinga. Miwani ingemkinga. Kumkumbuka kwa haki ni kuhakikisha kwamba muuguzi wa zamu ya usiku, Mwenga ama Kadutu, anapoamshwa kwa haraka, anakuta nguo za kinga zimekamilika mlangoni na mwenzake wa kumkagua mbele ya kuingia.

Hospitali ya Lacor ingali inafanya kazi, ikiongozwa na Waganda, kama Piero na Lucille walivyotaka. Piero Corti alifariki mwaka 2003, akazikwa naye pale pale uwanjani, karibu na bibi yake na yule kijana waliyemchagua.